Bibi Kinyonga

Kuonyeshwa kwa wanawake wa Jabe, mtaa wa Bujumbura, si mchezo. Msichana anaingia uani akidhani amekuja kunywa chai, kumbe amekuja kukaguliwa: anavyokaa, anavyotafuna, anavyojibu akichokozwa. Na Jumapili hiyo uwanja wa Mama Rachid ulikuwa umefurika. Viatu vilikosa nafasi mlangoni vikapangwa hadi barazani kwa jirani. Sahani za wali zilipita juu ya vichwa, samaki wa mukeke wa kukaanga walinukia mpaka barabarani, na kila aliyepita nje alipata sababu ya kusimama kusalimia.

Asiya alikaa katikati ya mkeka, mtandio wa rangi ya samli kichwani, magoti yakimuuma. Kulia kwake alikuwa Shangazi Raihana, dada wa marehemu baba yake Rachid, kijana aliyetaka kumwoa Asiya, mwanamke ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko mbwa. Kushoto alikuwa Médiatrice, muuza unga wa sokoni, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"We Asiya," akaanza Shangazi, "wanasema we ni dokta. Dokta wa nini? Wa meno?"

"Apana, Shangazi. Mi sitibu. Natafiti dawa, dawa za tension, hii presha ya damu."

"Yoo! Sasa mutu akianguka hapa, utamutazama tu?"

"Nitamushika, Shangazi. Halafu nitaita dokta mwenyewe."

Uani kukalipuka kicheko. Hata Mama Rachid, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kama hakimu, alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Asiya akainua macho, na pale kwenye upenyo wa geti akamwona Rachid. Wanaume walikuwa wamefukuzwa tangu asubuhi, lakini yeye alijifanya anakagua tairi za gari lake, Probox. Alimkonyeza. Asiya akahisi joto likimpanda shingoni, akajificha ndani ya kikombe cha chai.

Walikuwa wamekutana Bwiza, kwenye gereji ya Rachid, siku gari la chuo lilipomzimikia Asiya barabarani. Alikaa pale akisubiri, wakaanza kuzungumza, na tangu hapo gari lile likawa linaumwa kila wiki. Ni huko gerejini ndiko Rachid alikomwuliza hasa anafanya nini huko Mutanga, kwenye ile maabara yenye friji nyingi kuliko bucha.

"Kuna kidonge cha zamani cha kushusha tension," Asiya alimwambia. "Kazi yake inajulikana: kinafunga mlango mmoja kwenye mishipa. Lakini mwilini kuna milango mingine midogo, tunaiita vipokezi. Kimoja kinaamuru mwili utumie vipi sukari na mafuta. Na kile kidonge kinakigusa hicho pia. Hakikifungui chote, kinakifungua nusu."

Rachid alifikiri, mikono yake ikiwa imejaa grisi. "Kama ufunguo ukiugeuza nusu. Radio inawaka, motere bado."

"Ndiyo hivyo hivyo!"

"Sasa mi na we, Asiya. Umenigeuza nusu ama muzima?"

Asiya alicheka mpaka akasahau kuuliza gari limepona au la.

Kwenye utafiti huo Asiya hakuona watu. Aliona damu. Consolate, muuguzi wa kituo kidogo karibu na soko la Jabe, ndiye aliyewapima wagonjwa na kuwapa vikopo vya dawa. Kwa Asiya zilifika chupa zenye namba tu, pamoja na vipimo vyake. Na kati ya chupa zote ilikuwapo moja iliyomchanganya akili: namba kumi na tisa. Mwezi huu tension imeshuka vizuri, mwezi ujao imeruka juu. Sukari inapungua, inapanda, inapungua tena. Asiya alimpa jina la utani, Bibi Kinyonga, maana hakai rangi moja. Akamsimulia Rachid, nao wakamcheka pamoja. Kila jioni Rachid alipopiga simu swali lake la kwanza lilikuwa hilo: "Bibi Kinyonga yuko rangi gani leo?"

Basi, turudi uani.

Sahani zilipoondolewa, Mama Rachid alipangusa midomo kwa ncha ya kitenge akaita, "Saliha! Niletee zile dawa zangu."

Saliha, dada yake Rachid, alitoka jikoni taratibu, tumbo mbele. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tano, na ukoo wote ulikuwa unaizunguka kwa ncha za vidole. Alimpa mama yake kikopo cheupe chenye karatasi ya kijani.

Asiya alikitambua kabla hakijafika mkononi. Karatasi ile aliichagua yeye mwenyewe. Akaikazia macho: kumi na tisa.

Mama Rachid alitoa kidonge, akakivunja kwa meno, nusu akameza, nusu akamnyooshea Médiatrice. Médiatrice akakipokea kama peremende.

"Bibi Kinyonga!"

Lilimtoka Asiya lenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga moto. Kijiko kilianguka mahali fulani kikasikika uani kote.

"Nani kinyonga?" akauliza Mama Rachid.

"Mama, nisamehe, mi..."

"Nimekuuliza nani kinyonga. Mi? Katika nyumba yangu? Na wali wangu ungali tumboni?"

"Nilisema!" Shangazi Raihana alikuwa ameshasimama. "Nilisema huyu ana macho ya kuchungulia! Bado hajaolewa anamuita mama mukwe kigeugeu! Akiolewa atamuita nini, nyoka?"

"Shangazi, apana, si tusi. Ni namba." Asiya alijisikia anazidi kuzama. "Hizo dawa ni zangu. Zinatoka kwangu, Mutanga. Mama ndiye namba kumi na tisa. Sikujua. Mi sioni majina."

Mama Rachid alikitazama kikopo, akamtazama Asiya. Kuugua kwake tension ilikuwa siri. Yaani, wanawake wote wa Jabe waliijua, ila Rachid peke yake hakuijua. Baba yake alikufa kwa ugonjwa huo huo, na mama hakutaka kumwona kijana wake akihesabu pumzi zake.

"Hata kama," akasema. "Ndiyo uniite mududu?"

Lakini Asiya hakuwa anamsikiliza tena. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa Médiatrice.

"Mama, hizi dawa unawapa watu?"

"Kwani nawauzia? Nawapa sadaka. Médiatrice kichwa kinamugonga."

"Kinagonga sana," Médiatrice akathibitisha, akimeza kwa chai.

"Consolate hakusema usimpe mutu mwingine?"

"Alisema. Tena akarudia kama mi ni kiziwi. Usimpe mutu mwingine. Sasa Médiatrice ni mutu mwingine? Huyu tunachangia ukuta. Akikaanga kitunguu kwake, mi ndiye ninayepiga chafya."

Wanawake wakaitikia, ndiyo, kweli, ukuta ni undugu. Na hapo wakaanza kujitaja. Mmoja alikunywa arusi ilipokaribia ili asitetemeke. Mwingine alikunywa kwa ajili ya mgongo. Shangazi Raihana mwenyewe alikunywa kwa sababu wenzake walikunywa, hakupenda kuachwa nyuma. Kila mmoja aliposema, Asiya alihisi ubao mmoja unang'oka kwenye sakafu aliyosimama. Kinyonga wake hakuwa mgonjwa wa ajabu. Alikuwa mwanamke mkarimu, basi. Wiki alizowagawia wenzake dawa, yeye alibaki bila.

Angeweza kuishia hapo. Angeomba msamaha kwa lile jina, kesho angemnong'oneza Consolate, mambo yangepoa. Kisha akamwona Saliha mlangoni mwa jikoni. Saliha hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Saliha," Asiya aliuliza. "Na wewe?"

Saliha alimtazama mama yake.

"Miguu ilimuvimba," Mama Rachid akajibu badala yake. "Mwanangu! Ningekula dawa mi peke yangu, yeye avimbe? Huyo si mutu mwingine hata kidogo. Huyo ni damu yangu. Kila asubuhi namupa nusu."

Mungu wangu. Asiya alijua kilichoandikwa juu ya kila kikopo cha dawa za aina ile. Vilikuwa vidonge vya aina mbili kwenye utafiti, vya kulinganishwa, havitofautiani kwa macho, na vyote viwili vilikatazwa kwa mjamzito. Huko tumboni vingeweza kuzibana figo za mtoto, maji anamoogelea yakakauka. Akisema hivyo hapa, mbele ya uwanja mzima, atakuwa amemwambia mwanamke huyu kwamba anamdhuru mjukuu kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mkwe atakayeolewa baada ya maneno hayo. Aliangalia getini. Rachid alikuwa ameingia, spana mkononi, uso umejaa maswali.

Asiya akasema.

Alisema taratibu, akimtazama Saliha peke yake. Alipofika kwenye neno "figo", Saliha alitoa mlio mdogo, akateleza kwenye fremu ya mlango mpaka chini.

"Toka!" Mama Rachid alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Toka nyumbani kwangu! Umeniita kinyonga, sasa unaniita muuaji! Unamutabiria mujukuu wangu kifo!"

"Unitukane ukiwa njiani, Mama. Saliha aende hopitali sasa hivi. Sasa hivi!"

Rachid aliitupa spana. "Mafuta yapo. Nitamupeleka."

"Mafuta gani?" mama yake akafoka. "Yale ya Rumonge? Yale ya posa?"

Hapo kila mtu alielewa. Mafuta Bujumbura ni dhahabu. Rachid alikuwa amelala kwenye foleni, ameomba, amebembeleza marafiki, mpaka jerikani mbili zikajaa. Zilikuwa za kuwapeleka wazee Rumonge kwa wazazi wa Asiya, Ijumaa ijayo. Hapakuwa na nyingine.

"Ukitoka na huyu mwanamuke," Mama Rachid alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ilitisha kuliko makelele, "usiniletee tena habari ya Rumonge. Posa imekufa."

Rachid alimwangalia mama yake. Akamwangalia Asiya, mtandio umemwangukia mabegani, machozi yanamtiririka bila yeye kujua. Halafu akainama, akamnyanyua dada yake mikononi kama mtoto, akapita katikati ya wanawake.

"Shangazi, fungua geti," akasema.

Na Shangazi Raihana, ambaye hajawahi kutii mtu, akafungua.

*

Hospitalini walimwingiza Saliha kwenye chumba cha ekografi, cha kumpiga picha mtoto tumboni, mlango ukafungwa. Asiya na Rachid wakabaki kwenye benchi la korido, katikati yao nafasi ya mtu mmoja. Hapo awali isingewezekana nafasi hiyo kuwepo.

"Ulijua ni Mama?" Rachid aliuliza.

"Ningejua vipi? Mi naona damu, sioni nyuso. Na huyo mama yako, hata jina lake la kwenye kitambulisho silijui. Jabe nzima ni Mama Rachid, Mama Rachid."

"Tulimucheka."

"Tulicheka wote wawili."

"Ndiyo inayoniuma. Kila jioni nakuuliza yuko rangi gani. Na alikuwa ananipakulia chakula."

Asiya alitaka kumshika mkono. Aliuona pale gotini, vidole vyenye mstari mweusi wa grisi usiotoka hata kwa sabuni, vidole alivyovipenda kuliko alivyowahi kukiri. Hakuthubutu.

"Kesho lazima niwaambie wakubwa," alisema. "Dawa zimegawanywa. Wanaweza kuufunga utafiti wote."

"Wote? Miaka yako yote ile?"

"Yote."

"Na Mama watamufanya nini?"

"Hawatamufanya kitu. Mimi ndiye nitakayeulizwa. Consolate alisema 'mutu mwingine', na maneno hayo niliyaandika mi. Nilizaliwa Rumonge, nimekula sahani moja na watu kumi, na nikaandika 'mutu mwingine' kama mugeni."

Rachid akasema, "Usiseme basi. Nani atajua?"

"Jabe nzima inajua, Rachid."

Rachid alicheka kidogo bila kupenda, kicheko kikakatika njiani kikawa kitu kingine. Akajifuta uso kwa kiwiko. Kisha, bila kumtazama, akasogea akaijaza ile nafasi ya mtu mmoja. Bega lake likagusa la Asiya. Wakakaa hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa.

Daktari alikuwa mwanaume mfupi, miwani juu ya paji la uso. "Nani mume?"

"Mi kaka. Mume yuko Uvira kikazi."

"Moyo wa mtoto unapiga. Maji yamepungua, lakini yapo. Mumewahi." Akamgeukia Asiya. "Wewe ndiye uliyekikataza kile kidonge?"

"Ndiyo."

"Asikiguse tena. Akikiacha, maji mara nyingi hurudi. Mara nyingi, sisemi kila mara. Mumulete tena baada ya siku chache."

Asiya aliitikia kwa kichwa. Rachid alimshika kiunoni mbele ya daktari, mbele ya wagonjwa, na hakumwachia.

Hivyo ndivyo Mama Rachid alivyowakuta.

Alikuja kwa miguu toka Jabe, jua la alasiri kichwani, na nyuma yake nusu ya uwanja: Shangazi Raihana, Médiatrice, na wengine ambao hata undugu wao haukujulikana. Korido ilijaa vitenge na manukato ya udi. Mlinzi alijaribu kusema kitu akakata tamaa. Mama aliuona mkono wa mwanawe kiunoni mwa Asiya, akaupita kama hakuuona, akaingia kwa Saliha. Alikaa humo muda mrefu. Kilichosikika ni kilio, lakini haikujulikana ni cha mama au cha binti.

Alipotoka, wanawake walimzunguka. Akawapungia wakae mbali. Akaja kusimama mbele ya benchi.

"Nitasema mbele ya mwanangu," alisema. "Mutoto wa Saliha akizaliwa muzima, nitaenda Rumonge mwenyewe, hata kwa mguu. Asipozaliwa..."

Ndoa ya Asiya ilikuwa imewekwa ndani ya tumbo la mtu, ndani ya maji ambayo hakuna ajuaye kama yatarudi.

"Mama," Rachid akasema, "mutoto hata hajavuta pumzi, unamukabidhi kesi ya watu wazima?"

"Nyamaza."

"Sinyamazi. Akizaliwa ama asizaliwe, mi nitamuoa huyu. Mafuta nitatafuta mengine."

Shangazi Raihana alivuta pumzi kwa nguvu, tayari kuingilia. Asiya akamtangulia. Alisimama, akajifunga mtandio vizuri.

"Mama Rachid, ukitaka kuniweka mbali, sawa. Lakini nitakuja kumuchukua Saliha kila siku ya kipimo. Utaniona getini. Ukinitukana, nitaitikia. Akiwa tayari, tutaondoka."

Wawili hao walitazamana. Mama Rachid ndiye aliyeshusha macho kwanza. Alishika ukuta. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya midomo, na rangi ya uso wake ilikuwa si ya kawaida, rangi ya majivu. Alikaa kwenye benchi kwa kishindo.

"Mama, kichwa?" Asiya alipiga magoti mbele yake.

"Kinataka kupasuka. Tangu kule nyumbani." Alitazama walipo wanawake, akakunja mkono wa gauni lake mpaka juu, polepole, akaunyoosha. "Nipime."

"Niite dokta..."

"Nimesema nipime we."

Rachid alikwenda kuomba mashine. Asiya aliufunga mkanda kwenye mkono ule mzito, laini, wenye makovu madogo ya mafuta ya kukaangia. Ulikuwa mkono ambao damu yake ameitazama miezi mingi bila kuujua. Mkanda ukajaa upepo, ukalegea. Namba zikatokea. Asiya alizisoma mara mbili, kwa sababu mtu mwenye namba zile hatakiwi kutembea toka Jabe juani. Hatakiwi kutembea kabisa.

"Ngapi?" Mama Rachid aliuliza.

Asiya alimnong'oneza sikioni.

Mama hakushtuka. Alifumba macho tu, akakishika kiganja cha Asiya pale pale kilipokuwa, akakibana kwa nguvu isiyo ya mgonjwa. Huko mwisho wa korido wanawake wote walikuwa wamenyoosha shingo, na Shangazi Raihana ameshapiga hatua tatu mbele ili asipitwe na neno.

"Muite huyo dokta," Mama Rachid alisema chini kwa chini, bila kufumbua macho. "Lakini Raihana asijue, mukwe wangu."